Swichi ya usalama ya mota kwenye transmita ya ndege za rimoti: mwongozo kamili kwa EdgeTX

Swichi ya usalama haikati umeme. Ukiisukuma, betri bado imechomekwa, kidhibiti cha mota, yaani ESC, bado kiko macho, na mota ina kila kinachohitajika ili izunguke. Kilichobadilika ni namba moja tu: chaneli ya nguvu, yaani njia inayobeba amri ya kasi ya mota, imeacha kufuata kijiti na imebaki chini kabisa, −100, ambayo kwenye EdgeTX, programu inayoendesha transmita, ni mpigo wa mikrosekunde 988. ESC ikisoma namba hiyo inatulia.

Ndiyo maana chochote kinachoweza kuibadilisha namba hiyo, au kuizuia isifike, kinaikwepa swichi yako bila hodi. Chaneli iliyogeuzwa mwelekeo inaweza kuikwepa. Mota ya pili inayolishwa na mchanganyiko mwingine (mix, mstari unaounganisha kijiti au swichi na chaneli) inaikwepa. Risiva (kipokezi kilicho ndani ya ndege) iliyopoteza mawimbi inaikwepa, na kompyuta ya ndege inayojiamulia yenyewe nayo inaikwepa. Kupanga swichi kunachukua dakika mbili. Kuziba mianya hiyo ndiko kunakotaka akili, na ndiko tutakakokaa zaidi.

Mfano wetu ni RadioMaster TX16S yenye EdgeTX, ikirusha ndege ya umeme ya mota moja. Transmita nyingine yoyote ya EdgeTX au OpenTX inafuata hatua hizi hizi. Mpangilio wa kurasa hutofautiana kidogo kati ya matoleo, lakini majina ya menyu hayabadiliki sana. Wenye FlySky FS-i6 wana sehemu yao karibu na mwisho.

Kabla ya kugusa menyu

Vua propela. Si kuilegeza, ivue kabisa na uiweke mezani. Injini ndogo ya mafuta ikigonga kitu inaweza kuzimika, lakini mota ya umeme ikizuiwa, ESC huisukumia mkondo zaidi ili iendelee kuzunguka. Kazi yote ya kupanga na kujaribu iliyo hapa chini inafanyika bila propela, na hakuna hatua hata moja inayoihitaji.

Kisha jua chaneli yako ya nguvu ni ipi. Fungua ukurasa wa Mixes na utafute mstari wenye chanzo cha Thr. Kwenye mpangilio wa AETR (aileroni za bawani, elevata ya mkiani, nguvu, usukani, kwa mfuatano huo), ambao wengi wanautumia, nguvu iko CH3. Kwenye TAER iko CH1, na CH3 inakuwa ya elevata. Anayenakili maelekezo ya CH3 kwenye modeli (mpangilio wa ndege moja uliohifadhiwa kwenye transmita) ya TAER anapata swichi inayovuta elevata hadi mwisho huku mota ikiwa huru. Hapa tutaandika CH3, weka yako.

Angalia pia trim ya nguvu, yaani kitufe cha kusogeza kidogo thamani ya kijiti. Ndege ya umeme haiihitaji, na ikipanda juu inaifanya mota ianze kuzunguka pindi unapofungua kufuli ingawa kijiti kiko chini. Ingia Inputs, fungua mstari wa Thr, na uzime Trim.

Swichi gani, na upande gani

Kwenye TX16S, SF ina nafasi mbili, SH inarudi yenyewe ukiiachia, na nyingine, SA hadi SE pamoja na SG, zina nafasi tatu. Kwa kufuli ya mota chagua ya nafasi mbili. Swichi ya nafasi tatu ina nafasi ya katikati, na katikati hapana maana yoyote kwa kitu ambacho kimefungwa au kimefunguliwa. Kidole kikikosea kidogo hujui umeiacha wapi.

Tutatumia SF. Alama ya SF↑ ni swichi ikiwa imesukumwa mbali na wewe, na SF↓ ni ikiwa imevutwa upande wako. Fanya SF↑ iwe ndiyo iliyofungwa. Sababu ni mbili. Kwanza, swichi ikitumika kama chanzo cha chaneli, ↑ hutoa −100, kwa hiyo hata ukiitumia moja kwa moja kwenye chaneli, nafasi salama inabaki ile ile. Pili, ni rahisi kukumbuka kwamba kabla ya kuwasha, swichi zote ziko mbele. Ukiwa na ndege tano, tumia swichi hiyo hiyo na upande huo huo kwa zote tano. Vidole hukumbuka kuliko kichwa, na havijui leo umebeba ndege ipi.

Kufuli ya kwanza: rahisi, na inatosha wengi

1. Bonyeza MDL, nenda Special Functions, fungua mstari mtupu.
2. Kwenye swichi weka SF↑.
3. Kwenye kazi chagua Override.
4. Chagua CH3, thamani −100.
5. Weka alama ya Enable. Hapa ndipo wengi hukwama: mstari umeandikwa vizuri kabisa, lakini bila alama hiyo haufanyi chochote.
6. Fungua skrini ya kuonyesha chaneli. SF ikiwa ↑, panda na ushuke na kijiti: CH3 isitikisike kutoka −100. SF ikiwa ↓, CH3 ifuate kijiti.

Kuna njia nyingine inayopendwa na wengi: kuongeza mstari wa pili kwenye CH3 ndani ya Mixes, chanzo MAX, uzito −100, swichi SF↑, na Multiplex ikiwa Replace. Zote mbili zinaleta −100 kwenye skrini, na kwa ndege ya kawaida hutaona tofauti. Tofauti ipo, na siku inapojitokeza inajitokeza vibaya.

Override hufanya kazi mwisho kabisa. Haijali mipaka, haijali mwelekeo uliogeuzwa kwenye Outputs (ukurasa wa mipaka na mwelekeo wa kila chaneli), haijali chochote. Inatoa namba uliyoiandika. Replace hufanya kazi ndani ya mchanganyiko, kwa hiyo matokeo yake bado yanapitia Outputs. Sasa chukua ndege ambayo chaneli ya nguvu imegeuzwa kwenye Outputs, kama vifaa vingine vinavyodai. Hapo mota imezimwa pale chaneli inaposoma +100, na kasi kamili iko −100. Override ya −100 kwenye ndege hiyo ni amri ya kuzungusha mota kwa nguvu zote, na umeiweka kwenye swichi unayoiita ya usalama. Ukiwa na chaneli iliyogeuzwa, ama andika Override ya +100, ama tumia Replace. Kanuni isiyokosea ni hii: shusha kijiti hadi chini, soma CH3 inaonyesha ngapi kwenye skrini ya chaneli, na kufuli yako itoe namba hiyo au iliyo mbele yake kuelekea upande wa kuzima.

ESC inayoweza kurudi nyuma kwa chaneli moja nayo ina mtego wake. Kwake kusimama ni katikati, mikrosekunde 1500, na −100 ni kurudi nyuma kwa nguvu zote. Hapo kufuli ni Override ya 0.

Injini ya petroli ina shida ya aina nyingine. CH3 inaendesha servo (mota ndogo inayosukuma mkono) ya kabureta, na umeshaweka mipaka kwenye Outputs ili servo isisukume mkono wa kabureta kupita mwisho wake. Override inaruka mipaka hiyo. Servo itabaki ikikoroma na kula umeme mpaka ichoke. Tumia Replace. Na ukumbuke kwamba kufunga kabureta si sawa na kuzima injini: cheche ya plagi ikatwe na swichi yake ya kielektroniki, kwenye chaneli yake yenyewe, na chaneli hiyo iwe imepangwa kuzima mawimbi yakipotea.

Ndege ya mota mbili

Kama mota zote zinalishwa na chaneli moja kwa waya wa Y, hakuna cha kuongeza. Lakini kama kila mota ina chaneli yake, tuseme CH3 na CH6, unahitaji mistari miwili ya Override, mmoja kwa kila chaneli. Kosa la kawaida ni kufunga ya kwanza na kuisahau ya pili, na huwa halionekani kwa sababu mtu anajaribu kwa kijiti huku akitazama mota iliyo karibu naye.

Ukiwa umechanganya usukani na mota ili ndege igeuke kwa tofauti ya nguvu, jihadhari zaidi. Mchanganyiko huo unaweza kuzungusha mota kwa kijiti cha usukani hata kijiti cha nguvu kikiwa chini. Jaribu kufuli kwa vijiti vyote viwili, pande zote, ukitazama CH3 na CH6 kwa pamoja.

Kufuli ya pili: isiyofunguka kwa bahati mbaya

Kufuli ya kwanza ina udhaifu mmoja mkubwa. Kijiti kikiwa juu na SF ikaguswa, mota inaruka papo hapo hadi pale kijiti kilipo. Transmita imening'inia shingoni, unainama kuokota betri, kijiti kimeguswa na tumbo, kisha mkoba unaigusa SF. Kwa ndege ya gramu 300 ni kero. Kwa ndege yenye propela ya inchi 13 ni hospitali.

Dawa ni kufuli inayofunguka pale tu mambo matatu yanapotimia kwa pamoja: kijiti kiko chini, SF iko ↓, na SH imevutwa. Ikishafunguka inabaki wazi hata ukiiachia SH, na inajifunga pale tu SF inaporudi ↑. Kwenye TX16S, SF iko kushoto na SH kulia, kwa hiyo kuifungua kunataka mikono yote miwili, na hilo ni jambo jema.

Nenda Logical Switches uandike mistari mitatu:

L01: kazi a<x, V1 ni Thr, V2 ni −95.
L02: kazi AND, V1 ni SF↓, V2 ni SH↓, na kwenye AND Switch weka L01.
L03: kazi Sticky, V1 ni L02, V2 ni SF↑.

Kisha rudi Special Functions, na ule mstari wa Override uliouandika mwanzo uubadilishe swichi: badala ya SF↑ weka L03 iliyogeuzwa, inayoonekana kama !L03. Maana yake: maadamu L03 haijawaka, CH3 ni −100.

Tumeandika −95, si −100, kwa sababu kijiti kilichotumika muda mrefu mara nyingi husoma −98 au −97 kikiwa chini kabisa, na hali ya kuwa chini ya −100 haiwezi kutokea kamwe. Kufuli ikikataa kufunguka, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Sawazisha vijiti upya kwenye menyu ya Calibration kabla ya kulaumu kingine.

Kwa nini SH, na si SF pamoja na kijiti tu? Kwa sababu ya wakati wa kuwasha. Sticky huwaka pale V1 inapogeuka kuwa kweli, na transmita inapoanza huhesabu kwamba kabla ya hapo haikuwa kweli. Mtu akiwasha transmita SF ikiwa tayari ↓ na kijiti kiko chini, kufuli isiyo na SH ingefunguka yenyewe sekunde ile ile. SH haiwezi kusahauliwa ikiwa imevutwa, maana inarudi yenyewe. Kama transmita yako haina swichi ya namna hiyo, kitufe cha trim ya nguvu, ambacho sasa hakina kazi, kinafaa. EdgeTX inakiruhusu kitumike kama swichi. Na kama toleo lako lina chaguo la kuhifadhi hali ya Sticky baada ya kuzima, liache limezimwa.

Kufuli hii ina gharama yake. Ukiigusa SF hewani kwa bahati mbaya, mota inazima, na kuirudisha kunataka kijiti chini, SF ↓, kisha SH, huku ndege ikiporomoka. Kwa ndege ya povu inayoelea vizuri una muda wa kutosha. Kwa ndege nzito yenye mabawa mafupi, inayoshuka kama jiwe, muda huo huenda usiupate, kwa hiyo fanya zoezi hilo mezani mpaka vidole vilijue. Kwa glaida ndogo inayowasha na kuzima mota mara kwa mara, kufuli ya kwanza ni bora, na hatuoni sababu ya kulazimisha ya pili.

Kuhusu mafunzo ya waya, transmita ya mwanafunzi ikiwa imeunganishwa na ya mwalimu: mwanafunzi akishika ndege kupitia Trainer, vijiti vyake vinaingia kabla ya mchanganyiko, na Override inakuja baada yake. Kufuli ya mwalimu inabaki kuwa na neno la mwisho.

Transmita ikukague kabla ya kurusha

Kwenye Model Setup kuna ukaguzi wa kuanza. Washa Throttle State ili transmita ilalamike kijiti kikiwa juu, na kwenye orodha ya swichi weka SF iwe ↑. Swichi ambazo hazina madhara ziondoe kwenye ukaguzi. Ukaguzi unaolalamika kila siku kwa sababu ya swichi ya flapu unakufundisha kubonyeza kitufe na kuupita bila kusoma, na kitufe chochote kinaupita.

Sauti ni ulinzi bora kuliko skrini, kwa sababu uwanjani macho yako yako kwenye ndege. Kwenye Special Functions ongeza mistari miwili ya Play Track: mmoja kwa L03, mwingine kwa !L03. Si lazima utumie sauti ya Kiingereza iliyokuja na kadi. Rekodi yako kwa simu, igeuze iwe WAV ya mono, biti 16, kHz 32, ipe jina la herufi zisizozidi 6, na uiweke kwenye kadi ndani ya SOUNDS/en. "Mota iko wazi" na "mota imefungwa" zinaeleweka na kila aliyesimama karibu, akiwemo mtoto aliyekuja kutazama. Kwenye marudio chagua !1x, ambayo husema mara moja tu na haisemi wakati transmita inaanza.

Override usiiweke kwenye Global Functions ukitaka kurahisisha kazi. Hapo inafanya kazi kwa modeli zote, na siku utakapotengeneza modeli yenye mpangilio mwingine wa chaneli itakuvuta elevata au usukani.

Mawimbi yakipotea

Hapa swichi yako haina kauli yoyote. Transmita ikizimika au ndege ikienda mbali, risiva ndiyo inayoamua CH3 iwe ngapi, na inafuata ilichopangiwa.

Kwa risiva za FrSky, mpangilio uko Model Setup, kipengele cha Failsafe. Hold maana yake risiva ishike amri ya mwisho: kama ulikuwa kasi kamili, ndege inaondoka kasi kamili mpaka betri iishe au ikutane na kitu. Usiitumie kwa nguvu. Chagua Custom, weka CH3 −100, na usukani, elevata na aileroni katikati au zikigeuka kidogo ili ndege ishuke kwa mzunguko. Kama risiva yako hupangwa kwa kitufe chake yenyewe, inahifadhi kile transmita inachotuma sekunde hiyo, basi funga mota kwanza ndipo ubonyeze.

Kwa ELRS (ExpressLRS, mfumo mwingine wa mawimbi), menyu hiyo ya transmita haihusiki. Risiva ya servo hupangwa kwenye ukurasa wake wa wifi, kila chaneli na namba yake. CH3 iwe 988. Washa pia Model Match. Inazuia risiva kutii modeli isiyo yake, na modeli isiyo yake ni kufuli iliyoandikwa kwa chaneli isiyo yake.

Jaribio halina mbadala, na propela bado iko mezani. Fungua kufuli, peleka mota robo ya kijiti, kisha zima transmita. Huenda ikauliza kwa sababu bado inapokea telemetria (taarifa za hali ya ndege) kutoka kwenye ndege, kubali izime. Mota isimame ndani ya sekunde moja au mbili. Sasa washa transmita tena bila kugusa kitu. Ukaguzi utalalamika juu ya SF na kijiti. Upite makusudi. Kwa kufuli ya pili mota itabaki kimya, kwa sababu Sticky imeanza upya. Kwa kufuli ya kwanza mota inaweza kurudi kuzunguka mawimbi yakirejea, au ESC ikagoma na kulia mpaka ishushiwe kijiti. Jua ya kwako inafanya lipi.

Ndege yenye kompyuta

Kwa kwadi (droni ya mota nne) ya Betaflight, au ndege ya INAV au ArduPilot, ambazo ni programu za kompyuta ya ndege, Override ya CH3 si kufuli. Betaflight ikiwa imefunguliwa, propela huzunguka polepole hata nguvu ikiwa sifuri. INAV ikiwa inarudi nyumbani yenyewe inaamua nguvu bila kuuliza kijiti. Kufuli ya kweli ni amri ya kompyuta yenyewe, ARM (ruhusa ya mota kuzunguka), kwenye chaneli yake.

Tumia CH5, ambayo Betaflight huiita AUX1. Kwenye Mixes, CH5, weka chanzo L03 na uzito 100: swichi ya kimantiki ikitumika kama chanzo hutoa −100 ikiwa imezimwa na +100 ikiwaka, kwa hiyo kufuli yako yote ya hatua tatu inahamia hapo, na ule mstari wa Override unaufuta. Kwenye Betaflight, ukurasa wa Modes, ARM iwe AUX1 kati ya 1700 na 2100. Betaflight nayo ina ukaguzi wake: inakataa kufunguka kama kijiti kiko juu, na inakataa pia ikikuta swichi ya ARM tayari imewashwa betri inapochomekwa. Kwenye ArduPilot, mpe RC5_OPTION thamani ya 153 kwa kufungua na kufunga. Ukitaka pia swichi ya kuzima mota papo hapo, chaneli nyingine ipewe 31.

Kwenye ELRS, CH5 ndiyo chaneli ya ARM kwa desturi, na katika modi za swichi za kawaida inabeba nafasi mbili tu, chini au juu. Hata kwenye ndege isiyo na kompyuta, usiiwekee flapu zenye hatua tatu; hatua ya katikati haitafika.

FlySky FS-i6

Transmita hii haina mantiki ya kujiandikia, lakini ina Thro. hold kwenye menyu ya Functions setup. Iwashe, chagua swichi yake kwenye Switches assign, kisha fungua Display na uangalie chaneli 3: kufuli ikiwa imefungwa, mstari wake uwe chini kabisa na usifuate kijiti. Usiamini asilimia iliyoandikwa kwenye menyu kabla ya kuona mstari wenyewe.

FS-i6 haianzi kazi mpaka swichi zote ziwe juu na kijiti chini. Kama kwako Thro. hold hufunga swichi ikiwa chini, basi kila unapowasha mota iko wazi. Mpangilio wa mwendo uwe: washa transmita, shusha swichi ya kufuli, ndipo uchomeke betri ya ndege.

Kwa upotevu wa mawimbi, ingia RX setup, Failsafe, chaneli 3, iwashe huku umeshikilia kijiti chini, kisha bonyeza CANCEL kwa muda mrefu ili ihifadhi. Anayebonyeza kwa haraka hutoka bila kuhifadhi na hagundui.

Kusawazisha ESC

Likosewe hili, na utasikia ESC ikilia mfululizo bila mota kuzunguka kabisa, au mota ikianza kuzunguka kijiti kikiwa kimepanda kidogo mno. ESC haijui mwisho wa chini na wa juu wa kijiti chako mpaka uifundishe, na kuifundisha kunataka kufuli iwe wazi. Ukiwa umefunga, kijiti cha juu hakifiki.

Propela ikiwa nje, fungua kufuli, peleka kijiti juu kabisa, chomeka betri. ESC nyingi hulia mara mbili fupi. Shusha kijiti hadi chini mara moja. Italia idadi ya seli, tatu kwa betri ya 3S, kisha mlio mrefu. Kwisha. Ukiwa na kufuli ya pili, utaifungua kwanza kijiti kikiwa chini, ndipo upandishe.

Tazama kwamba hatua hizo ndizo zile zile anazozifanya mtu asiyejua: transmita wazi, kijiti juu, betri inachomekwa. ESC inadhani inafundishwa. Mota iliyofungwa wakati wa kuchomeka betri inazuia pia hilo.

Orodha ya majaribio kabla propela haijarudi

Transmita iwashwe kwanza na izimwe mwisho, kila mara. Halafu, betri ikiwa imechomekwa:

Kufuli imefungwa, vijiti vyote vizungushwe hadi pembe zote, trim zote zibonyezwe, swichi nyingine zote zigeuzwe moja moja. Mota isitikisike. Servo ziendelee kutii kama kawaida, kwa sababu risiva bado inapata umeme wake kutoka kwenye ESC.

Kijiti nusu, jaribu kufungua. Kwa kufuli ya pili isikubali. Kijiti chini, SF ↓ bila SH: isikubali. Zote tatu: ifunguke na sauti iseme.

Mota ikizunguka, SF ↑. Isimame mara moja. Kama inapungua polepole, kuna Slow kwenye mstari wa Replace; iondoe.

Rudia jaribio la kuzima transmita baada ya kila mabadiliko ya risiva, ya mpangilio wa chaneli au ya programu ya transmita, na kila unaponakili modeli ili kuanzisha nyingine. Nakala hubeba kufuli ya ndege ya zamani, ikiwa na namba ya chaneli ya ndege ya zamani, na jina jipya juu yake.